Baiskeli za mianzi na nyuzi za mkonge: shajara ya mradi, Morogoro hadi Iringa

Naiandika shajara hii kwa yeyote mwenye msumeno, subira na kundi la vijana wanaopenda baiskeli. Tunaunda fremu kwa mianzi, viungo tunavifunga kwa nyuzi za mkonge na gundi ya epoksi, halafu tunaziendesha masafa marefu. Lengo la msimu huu ni kutoka Morogoro hadi Iringa, zaidi ya kilomita 300, msafara mmoja, wote wafike.

Wazo lenyewe si geni. Baiskeli za mianzi zilikuwa zikionyeshwa London mwaka 1894, na leo Kampala na Ghana kuna mafundi wanaoziunda na kuziuza nje. Kilichonikosesha usingizi mimi ni kwamba malighafi zote mbili ziko mlangoni petu. Nyanda za juu za Iringa zina mianzi ya ulanzi, ile inayogemwa pombe, na ukitoka Morogoro kwenda Kilosa unakutana na mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na tangu hapo nyuzi zake tumekuwa tukizipakia melini kwa ajili ya kamba za watu wengine. Nilitaka vijana wa mtaa wangu watengeneze kwa nyuzi hizo kitu kitakachowabeba wenyewe.

17 Agosti 2024: Kukata mianzi

Tumekata Iringa vijijini, kwa mzee mmoja mgema. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, machipukizi yakiwa machanga. Kiangazi shamba lake la mianzi limepumzika, na ndio wakati wa kukata kwa kazi kama yetu, kwa sababu mwanzi uliokatwa masika umejaa sukari na bungua hufuata sukari.

Mzee alipita katikati ya vishina akigonga kila mmoja kwa mgongo wa panga. "Huu bado mtoto, mwanangu," akaniambia, akanipaka kidoleni unga mweupe uliokuwa juu ya ngozi ya mwanzi. Aliyoikubali ni ya miaka mitatu kwenda juu: rangi imefifia, ngozi ina madoa makavu ya kuvu, na ukiigonga inaitika kavu. Alikata juu kidogo tu ya fundo la mwanzi, ili kisiki kisibaki na kikombe cha kutuamisha maji kikaozesha shina zima. Mwanzi huu una nyama nene na tundu dogo, na hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta.

Vipimo: milimita 35 hadi 40 kwa miti mikubwa ya fremu, 18 hadi 20 kwa ile myembamba ya nyuma. Mwanzi mmoja shilingi 2,000. Kuipakia kwenye basi hadi Morogoro shilingi 30,000, ikishakatwa vipande vya mita moja na nusu.

5 Oktoba 2024: Dawa na kukausha

Dawa ya kuzuia bungua ni boraksi sehemu 3 kwa asidi ya boriki sehemu 2, jumla kilo 5 kwa lita 100 za maji. Tulitoboa pingili zote kwa ndani kwa nondo iliyochongwa ncha, tukalaza mianzi kwenye mapipa yaliyopasuliwa nusu, wiki mbili. Hakuna la ajabu hapo.

Shida ilikuja kwenye kukausha. Mianzi iliyowekwa juu ya boriti, chini ya bati, ilipasuka karibu yote, tena kwa mlio; jirani alidhani watoto wanarusha fataki. Joto la bati linakausha ngozi ya nje wakati ndani bado kumelowa, nje kunasinyaa, mwanzi unajipasua kwa urefu. Iliyosimamishwa wima barazani, kivulini penye upepo, imesalimika.

Tangu siku hiyo ncha zote tunazipaka rangi ya mafuta mara tu baada ya kuitoa kwenye dawa, maana ncha ndizo zinazokauka haraka kuliko pengine popote. Kila wiki tunaipima kwenye mizani ya duka la mtaani na kuandika uzito kwa kalamu juu ya mwanzi wenyewe. Uzito usiposhuka tena, umekauka. Ukiwa na haraka, mradi huu haukufai.

Baada ya hapo tunaibabua kwa moto wa jiko la gesi, polepole, mpaka rangi igeuke ya asali. Pingili iliyosahaulika kutobolewa hufungia mvuke ndani na mwanzi unalipuka mkononi. Toboa zote, halafu pitisha nondo tena kuhakikisha.

14 Desemba 2024: Fremu ya kwanza imevunjika

Fremu ya kwanza ilisimama, ikapendeza, ikapigwa picha na mtaa mzima. Tukaifunga magurudumu, vijana wakaizungusha uwanjani Kihonda. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akishika msasa tu, ndiye aliyesimama. "Kocha, inalia."

Wenzake walisema ni cheni. Akasema cheni hulia ukikanyaga, hii inalia ukikaa. Tukageuza fremu juu chini. Kwenye kiungo cha chini, pale kibomba cha chuma kinaposhika mhimili wa pedeli, nyuzi zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Nikampa msumeno akikate kiungo chote tukione ndani.

Tulichokikuta kinafaa kuandikwa kwa kirefu, kwa sababu kwa nje huwezi kukiona. Kwanza, gundi ilikuwa imeachia mwanzi kabisa, mzima mzima, kama ganda. Ngozi ya nje ya mwanzi ni laini na ina nta; gundi huilalia tu, haiishiki. Pili, katikati ya kiungo nyuzi zilikuwa kavu, hazijawahi kunywa gundi. Tatu, gundi yenyewe ilikuwa na sehemu laini unazoweza kuzitia ukucha. Kopo tulilonunua lilikuwa limekaa sana dukani. Tarehe ya kuisha muda wake ilikuwa chini ya kibandiko cha bei. Kwa hiyo kabla ya kulipa, bandua kibandiko.

Hasara: gundi shilingi 55,000 na wiki za kazi. Lakini tangu siku ile binti huyo ndiye mkaguzi wetu. Akisema fremu haitoki, haitoki, hata kama mwenye fremu ni mimi. Wakubwa kwake kwa umri hawakulipenda jambo hili, na mmoja aliniambia wazi kwamba nimemvika mtoto kofia kubwa. Nilimjibu kwamba sikio lake limeokoa meno ya mtu. Cheo cha aina hii sikipangi mimi. Kazi imekwisha kuonyesha nani anasikia, na wajibu wangu ni kukitangaza mbele ya wote na kutokirudisha nyuma kesho yake.

25 Januari 2025: Kiungo kilichokubali

Hivi ndivyo tunavyofanya sasa, na viungo tulivyopima kwa kuvipigia nyundo na kuvikalia watu wawili havijaachia.

Ngozi ya mwanzi inakwanguliwa kwa kipande cha kioo sehemu yote itakayofungwa, mpaka nyama ya ndani ionekane, kisha inapigwa msasa mkali. Chuma nacho kinapigwa msasa hadi king'ae, kinafutwa kwa spiriti, na kinafungwa saa hiyo hiyo, kwa sababu kutu huanza usiku mmoja tu. Nyuzi za mkonge tunazinunua zikiwa zimetoka korona, yaani mashine ya kusindika mkonge, tunazichana kwa kitana cha misumari na kuzianika juani siku ya kufunga, maana mkonge hunywa unyevu wa hewa na unyevu huharibu gundi.

Joto la Morogoro lilitusumbua. Resini ya epoksi ikichanganywa na kigumishi chake inaanza kujipasha moto yenyewe, na ikiwa nyingi ndani ya kikopo kirefu inafuka moshi na kuganda kabla hujamaliza mzunguko. Tunafunga alfajiri, tunachanganya gramu mia moja moja kwa mizani ya jikoni, na tunaimwaga kwenye sahani bapa ipoe. Nyuzi zinalowekwa kwenye sahani kwanza, zinakamuliwa kwa vidole vyenye glavu, ndipo zinapozungushwa, kila tabaka likikatisha la chini yake. Juu tunazungusha nailoni iliyotobolewa tundu nyingi kwa sindano, halafu ukanda wa tyubu kuukuu uliovutwa kwa nguvu zote. Gundi ya ziada inatoka kwenye tundu matone matone. Ukiyaona matone pande zote, ujue katikati kumelowa.

Unyoofu tunaupima kwa uzi: ufunge nyuma unapokaa mhimili wa gurudumu, uzungushe mbele kwenye kichwa cha fremu, urudishe upande wa pili. Umbali kutoka uzi hadi mti wa kiti lazima ulingane kushoto na kulia. Ukipishana zaidi ya milimita mbili, vunja fremu ikiwa bado imeshikizwa kwa gundi kidogo. Baada ya nyuzi kuganda hakuna kurudi.

8 Machi 2025: Gharama ya baiskeli moja

Mianzi pamoja na usafiri shilingi 10,000. Dawa 6,000. Epoksi gramu 600, shilingi 33,000. Mkonge 4,000. Msasa, nailoni, spiriti na glavu 7,000. Vibomba vya chuma vilivyokatwa kwenye fremu chakavu, pamoja na ujira wa kukata, 20,000. Vanishi 8,000. Fremu inatoka kwa shilingi 88,000, uzito wake karibu kilo 3. Magurudumu, cheni, breki, usukani na gololi mpya vimetoka kwenye baiskeli za mtumba, wastani wa 95,000. Kofia ngumu ni 35,000, na haimo kwenye hesabu ya baiskeli kwa sababu hiyo nailipia mwenyewe kwa kila mmoja. Nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, Mkenya Sule Kangangi, alianguka mbioni na kufariki Vermont, Marekani, Agosti 2022. Alikuwa mpanda baiskeli mzoefu kuliko yeyote tutakayemkuta barabarani. Hapa hakuna anayepanda bila kofia.

Jambo moja limeniuma. Fundi wetu mzuri wa mikono amepata kazi ya kuchomelea vyuma na ameondoka. Hatuwezi kumlipa, na ana mama wa kumtunza. Nilimpa fremu yake aende nayo. Baadhi ya vijana waliona nimegawa mali ya kikundi. Nikawaeleza kwamba aliifunga kwa mikono yake kila kiungo. Bado wawili hawajaridhika.

17 Mei 2025: Mazoezi, na suala la nani akae wapi

Masika yameisha, barabara zimekauka. Tunatoka alfajiri kuelekea Mzumbe na Sangasanga, wakati mwingine hadi Melela, na kurudi.

Mtu anayemfuata mwenzake kwa karibu anaokoa kati ya robo na theluthi ya nguvu, kwa sababu wa mbele ndiye anayepasua upepo. Hilo vijana walilielewa upesi. Lililochelewa kueleweka ni mkia. Wa mbele akiongeza mwendo kidogo, wa pili anaongeza zaidi ili asiachwe, wa tatu zaidi tena, na wa mwisho anakimbia kama anafukuzwa. Tukiwa tumewaweka wadhaifu nyuma, tulikuwa tunawaua. Tukageuza. Mdhaifu anakaa wa pili, mgongoni mwa anayepasua upepo, na mwenye nguvu kuliko wote anakaa mwisho kabisa.

Mwenye nguvu kuliko wote ni kijana wa bodaboda ambaye ameshinda mbio zote za mtaani. Nilipomwambia, "Dogo, nakupa mkia," uso ulibadilika.

"Kocha, umenishusha."

Nilimwomba tukae pembeni. Nikamweleza kwamba aliye mbele anaona barabara tu, na aliye nyuma anawaona watu. Anaona nani ameanza kuyumba, gurudumu la nani linapepesuka, nani hajagusa chupa ya maji tangu tuanze. Nikamkabidhi pampu, viraka, solusheni na filimbi. Filimbi ikilia, msafara unasimama, hata nikiwa mimi ndiye niliye mbele. Alichukua bila kuniambia neno. Wiki iliyofuata alikimbia mbele tena kwenye kilima, akaacha mwenzake ana pancha. Wiki nyingine akabaki. Hadi leo tunabishana, lakini filimbi ameizoea, na anaipiga kwa haki.

Nimekuwa nikifikiri sana juu ya David Kinjah wa Kikuyu, Kenya. Watu wanamtaja kwa kuwa ndiye aliyemfundisha Chris Froome kabla ya ushindi wake wa Tour de France. Mimi kinachonivuta ni kwamba watoto wanaokwenda kwake hujifunza pia kufungua na kufunga baiskeli. Naona faida yake hapa kwetu. Kijana aliyefunga kiungo kwa mkono wake hapandi kama anayepanda cha kununua. Anasikiliza. Akipita kwenye shimo, moyo wake unalipita lile shimo pamoja na fremu. Ndiyo maana nimeweka sharti kwamba hakuna atakayekwenda Iringa juu ya fremu ambayo hakushiriki kuifunga.

15 Julai 2025: Tumefika Iringa

Nimechagua Julai kwa sababu ni kipindi kikavu chenye baridi. Upepo tulikutana nao, na ulitupiga usoni kutoka Doma.

Hifadhi ya Mikumi tuliivuka juu ya fuso. Barabara inakata hifadhi kwa takribani kilomita 50, tembo na nyati wanavuka watakavyo. Kulikuwa na malalamiko: tumetangaza tunakwenda kwa baiskeli, tutaonekana wadanganyifu. Jambo hili sikulipeleka kwenye kura. Mambo ya njia, chakula na mahali pa kulala tunapiga kura, na mara nyingi nashindwa. Jambo linaloweza kumrudisha mtoto wa mwenzio nyumbani ndani ya sanduku halipigiwi kura. Nililisema hivyo hivyo, mbele ya fuso, na fremu zikapakiwa. Mwenye fuso alitutoza shilingi 80,000 baada ya kubembelezana sana.

Baada ya Mikumi ni raha na mateso pamoja. Bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni lina joto hata Julai, vitunguu vimerundikwa kando ya barabara, na akina mama wauzaji walitaka kuzishika baiskeli. "Hizi si za kuchezea?" aliuliza mmoja. Mkaguzi wetu akampandisha kwenye kiti, akamshikilia usukani, akamsukuma mpaka mwisho wa magenge. Tuliondoka na vitunguu vya bure.

Tulilala Mahenge ili mlima Kitonga tuuanze kukipambazuka, kabla malori hayajawa mengi. Barabara pale ni nyembamba, kona zimeshikana, kulia mwamba na kushoto korongo au kinyume chake, na malori yanayoshuka yananuka breki. Utaratibu ulikuwa mstari mmoja, nafasi ya gari moja kati ya mtu na mtu, na anayechoka anashuka na kusukuma. Kusukuma si aibu. Nilishuka mapema kwa makusudi, nikiwa bado nina nguvu, ili wa nyuma yangu wasione haya.

Katikati ya mlima filimbi ililia. Kijana mdogo kuliko wote alikuwa ameketi kwenye ukingo, mikono inatetemeka, hana hata sukari mwilini. Asubuhi hakula, aliogopa kutapika mlimani. Yule wa mkia alikuwa amekwisha kumpa soda na ndizi, amemvua begi, na amefunga baiskeli mbili kwa ukanda wa tyubu ili azisukume zote. Hakuniuliza la kufanya. Aliniambia, "Kocha, wewe waendelee nao, wasipoe. Sisi tunakuja." Nikatii. Tuliwasubiri juu, kwenye tambarare, na walipotokea wote wawili walikuwa wanatembea wakipiga soga za mpira.

Morogoro iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu 1,550. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo unailipa Kitonga. Baada ya hapo Ilula na nyanya zake, kisha vilima vya kupanda na kushuka hadi mjini. Wenyeji walitupokea kwa "Kamwene!" na sisi tukajibu kwa sauti zilizokauka.

Matengenezo ya njiani: pancha nyingi, spoki, waya wa breki uliokatika kabla ya Mbuyuni. Viungo vya mkonge havikuguswa. Gharama ya safari kwa kila mtu, chakula, malazi, sehemu yake ya fuso na nauli ya basi kurudi na baiskeli, ni shilingi 92,000.

28 Septemba 2025: Ukaguzi, na Kigali

Fremu zote zimefunguliwa na kukaguliwa. Tatizo moja limejirudia. Mwanzi wa kiti unaanza ufa mwembamba pale bomba la kiti linapoingia, chini ya kibanio. Kibanio kinabana, mwanzi unasukumwa na bomba kwa ndani, nyama haina pa kwenda. Tiba tunayoijaribu ni pete ya mkonge na gundi, upana wa vidole vitatu, chini ya kibanio, na kipande cha bomba la alumini kilichogandishwa ndani ili chuma kikutane na chuma. Ufa uliokwisha kuanza tunautobolea tundu dogo mwisho wake usiendelee, tunaujaza gundi, tunaufunga pete. Nitaandika matokeo baada ya mvua za vuli.

Leo tumefuatilia mbio za dunia za barabarani za Kigali kwenye simu, zilizofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Pogačar wa Slovenia ameshinda za wanaume. Vijana walikuwa wanatazama zaidi vilima kuliko mshindi, hasa ule wa mawe wa Kimihurura, na umati wa Wanyarwanda uliosimama pembeni. Binti mkaguzi aliuliza nauli ya basi hadi Kigali. Yule wa mkia akauliza umbali kwa baiskeli. Tumeanza kuchora njia kupitia Dodoma, Singida na Kahama hadi Rusumo, mpakani na Rwanda.

Kazi iliyo mezani sasa ni fremu mbili fupi. Zote tulizonazo ni kubwa mno kwa wasichana wawili waliojiunga Agosti, na kumnyosha mtu mfupi juu ya fremu ndefu ni kumuumiza mgongo. Mti wa kiti utakuwa sentimita 46, wa juu 50, na wa juu utainamishwa kuelekea nyuma ili wapande kwa urahisi hata wakiwa na sketi. Mianzi imekwisha kauka, uzito haujashuka wiki tatu. Tunafunga Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Anayetaka kuja kutazama aje na glavu zake.